Mgawanyo na Mgawo: Maelezo ya Mayosisi kwa Mifano ya Taita-Taveta

1.0 Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi viumbe wanavyotengeneza mbegu zao za uzazi, na jinsi kazi hiyo inavyowafanya watoto wa baba mmoja na mama mmoja wasifanane. Kazi hiyo wanabiolojia huiita mayosisi.

Huenda msomaji akauliza kwa nini jambo la biolojia linaletwa katika jarida la lugha. Sababu ni mbili. Kwanza, katika shule za sekondari za Kenya biolojia hufundishwa kwa Kiingereza, lakini maswali yanayozaliwa na mayosisi huulizwa kwa Kiswahili na kwa lugha za nyumbani: shambani, zahanati na barazani. Mkulima wa Wundanyi huuliza kwa nini mahindi aliyopanda kutokana na mavuno yake mwenyewe yametofautiana kimo, hali ya mwaka uliopita yalikuwa sawasawa. Mzazi wa Voi huuliza kwa nini mtoto wake mmoja ana ugonjwa wa damu na ndugu yake hana. Watu hawa wasipojibiwa kwa lugha wanayoielewa watajijibu wenyewe, na aghalabu jibu la namna hiyo humwangukia mtu: mke, mkwe au jirani.

Pili, maneno tunayoyatumia kueleza dhana hii huwa yanabeba nusu yake tu. Mayosisi hufanya kazi mbili kwa pamoja: hupunguza, na huchanganya. Maelezo mengi hushikilia kule kupunguza na kukuacha kuchanganya kama nyongeza. Tutajaribu kuonyesha kwamba asiyeielewa kazi ya pili hawezi kumjibu mkulima wala mzazi tuliowataja.

Mifano yetu tutaitoa Taita-Taveta, kaunti ambayo ina misitu ya milimani, mashamba ya mkonge na migomba, na sehemu kubwa ya mbuga za Tsavo. Katika eneo hilo moja twaweza kuona mayosisi inapofanya kazi, inaposhindwa, na inapofanya kazi lakini haina cha kutosha cha kugawa.

2.0 Jina na dhana

Jina hili lilianza kutumiwa katika biolojia mwaka 1905 na Waingereza wawili, J. B. Farmer na J. E. S. Moore. Walilichukua katika Kigiriki, ambako maana yake ni kupungua. Wasomi wa fasihi walikuwa nalo zamani, kwani katika elimu ya balagha ni jina la tamathali ambayo msemaji hulitaja jambo kubwa kwa maneno yanayolipunguza. Basi yaweza kusemwa kwamba jina lenyewe linaitenda tamathali hiyo: lataja upungufu na kuunyamazia mchanganyo.

Kiswahili kina nyenzo nzuri zaidi katika kitenzi gawa na jamaa zake. Mtu akigawanya chungwa hulifanya vipande. Akigawa chakula humpa kila mmoja fungu lake. Kitenzi cha kwanza chahusu kitu kinachotengana, na cha pili chahusu wanaopokea. Nomino zake hufuata njia hiyohiyo: mgawanyiko ni hali ya kitu kutengana, mgawanyo ni tendo la kukitenganisha, mgawo ni fungu linalomfikia mtu. Seli moja inapokuwa mbili husemwa kuwa kuna mgawanyiko, na neno hilo lafaa. Lakini katika mayosisi kuna mgawanyiko na kuna mgawo, na swali la mzazi wa Voi ni swali la mgawo: mtoto huyu alipata fungu gani, na nani aliamua?

3.0 Hazina inayogawiwa

Mwili wa mnyama au mmea hujengwa kwa seli, na ndani ya kiini cha seli mna nyuzi ziitwazo kromosomu. Juu ya nyuzi hizo zimepangwa jeni, yaani maagizo ya ujenzi na uendeshaji wa mwili. Kila aina ya kiumbe ina idadi yake. Binadamu ana kromosomu 46, hesabu iliyothibitishwa na J. H. Tjio na Albert Levan mwaka 1956. Mahindi yana 20. Punda ana 62.

Kromosomu hizi huwa katika jozi: zile 46 za binadamu ni jozi 23, na katika kila jozi moja ilitoka kwa baba na moja kwa mama. Kwa wasomaji wa jarida hili tutumie mfano wa miswada. Tuseme kuna utungo mrefu wa juzuu 23, nasi tunazo nakala mbili zilizoandikwa na wanakili wawili. Juzuu ni zilezile, na sura zimefuatana vilevile. Lakini hapa na pale mnakili mmoja ameandika neno hili na mwenzake neno lingine. Seli ya kawaida ya mwili huhifadhi nakala zote mbili. Mahali zinapotofautiana, mara nyingine moja hutawala, mara nyingine zote mbili huonekana katika umbile la mtu.

Mwili unapokua au kidonda kinapopona, seli hunakili juzuu zote 46 na kugawanyika, kila seli mpya ikapata hazina kamili. Mgawanyiko huo huitwa mitosisi, nao hauleti jambo jipya. Lakini mbegu za uzazi haziwezi kutengenezwa hivyo. Kama mbegu ya baba ingebeba 46 na yai la mama 46, mtoto angekuwa na 92 na mjukuu 184. Mwaka 1883 Edouard van Beneden, akichunguza mnyoo wa farasi, aliona kwamba yai na mbegu ya kiume huleta idadi sawa ya kromosomu, na kila kimoja huleta nusu tu. Miaka minne baadaye August Weismann alitoa hoja kwamba lazima uwepo mgawanyiko wa namna ya pekee unaoipunguza hazina kuwa nusu kabla ya kila uzazi. Mgawanyiko huo ndio tunaoueleza.

4.0 Hatua za mayosisi

Kabla ya mayosisi kuanza, kila kromosomu hunakiliwa ikawa na nyuzi mbili pacha zilizoshikana. Baada ya hapo seli hugawanyika mara mbili mfululizo bila ya kunakili tena. Hesabu yote imo katika jambo hilo: kunakili mara moja, kugawanyika mara mbili.

4.1 Mgawanyiko wa kwanza

Mgawanyiko wa kwanza huanza kwa jambo lisilotokea katika mitosisi: kila kromosomu hutafuta mwenzi wake. Juzuu ya kwanza ya baba hulala sambamba na juzuu ya kwanza ya mama, na vivyo hivyo mpaka ya 23. Zikiwa zimelala hivyo, nyuzi hukatika mahali panapolingana na kuungwa upya kwa kubadilishana vipande. Fikiria stesheni ya Voi, ambapo reli ya Taveta ilitolewa katika reli kuu wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza. Treni mbili zenye mabehewa yaliyopangwa kwa utaratibu mmoja zimesimama sambamba. Wafanyakazi wakakata mabehewa matatu ya mwisho ya treni moja, wakayafunga nyuma ya nyingine, na ya nyingine wakayafunga nyuma ya ile ya kwanza. Hakuna treni iliyopungukiwa wala kuzidishiwa, lakini kila moja sasa ina mchanganyiko ambao haukuwapo. Harriet Creighton na Barbara McClintock walithibitisha jambo hili katika mahindi mwaka 1931, kwa kutumia kromosomu zenye alama zilizoonekana kwa hadubini.

Baada ya kubadilishana vipande, jozi hujipanga katikati ya seli, mwenzi mmoja akielekea upande huu na mwingine upande ule. Ni yupi ataelekea wapi huamuliwa kwa bahati, na kila jozi hujipanga bila ya kuijali nyingine. Juzuu ya kwanza ya mama yaweza kwenda kulia pamoja na juzuu ya pili ya baba. Kisha wenzi hutengana, na seli mbili zinazopatikana huwa na kromosomu 23 kila moja. Hapa ndipo idadi ilipopungua.

4.2 Mgawanyiko wa pili

Kromosomu hizo 23 bado zina nyuzi mbilimbili. Katika mgawanyiko wa pili nyuzi hizo hutenganishwa, kila seli ikapata moja. Seli nne hupatikana katika jumla, na kwa kuwa vipande vilikwisha kubadilishwa, hata nyuzi zilizoanza kama pacha si pacha tena. Seli za uzazi zilizokamilika ndizo ziitwazo gameti: kwa mwanamume mbegu za kiume, kwa mwanamke yai.

4.3 Mwanamume na mwanamke

Kwa mwanamume seli zote nne huwa mbegu, na kazi hiyo huanza wakati wa kubaleghe na kuendelea muda mrefu wa maisha yake. Kwa mwanamke seli moja huchukua karibu akiba yote ya chakula na kuwa yai; nyingine huwa ndogo mno na kufa. Tena mayosisi ya mwanamke huanza kabla hajazaliwa. Ndani ya mtoto wa kike aliye bado tumboni, seli za mayai huingia katika mgawanyiko wa kwanza na kusimama hapo. Miaka kadhaa baadaye, akiisha kubaleghe, kwa kawaida yai moja kila mwezi huendelea na safari, na mgawanyiko wa pili hukamilika tu ikiwa mbegu ya kiume imeingia. Kwa hiyo yai lililokuwa chanzo cha kila mmoja wetu liliianza mayosisi mama yetu alipokuwa bado katika tumbo la bibi yetu.

Kusimama huko kwa muda mrefu kuna athari. Kadiri umri wa mama unavyoongezeka, ndivyo inavyozidi kutokea kwamba jozi fulani haikutengana vizuri, na yai likachukua kromosomu zote mbili. Mtoto akipata nakala tatu za kromosomu ya 21 huwa na hali iitwayo sindromu ya Down, ambayo chanzo chake kilielezwa na Jérôme Lejeune na wenzake mwaka 1959. Hali hiyo haitokani na laana wala na mwenendo wa mama.

5.0 Hesabu ya mchanganyo

Kiumbe mwenye jozi moja tu ya kromosomu aweza kutoa gameti za namna 2. Mwenye jozi mbili hutoa namna 4, mwenye tatu namna 8, na kila jozi inayoongezeka huzidisha mara mbili. Kwa jozi 23 za binadamu tunapata namna 8,388,608 kwa mzazi mmoja. Zikikutana gameti za wazazi wawili, michanganyiko inayowezekana yapita trilioni 70, nasi hatujahesabu bado kule kubadilishana vipande. Isipokuwa kwa pacha wanaotokana na yai moja lililogawanyika baada ya kutungwa, haiwezi kutarajiwa kwamba wazazi watawapata watoto wawili wenye mgawo mmoja.

Wahenga wamesema, mwana wa nyoka ni nyoka. Methali hii ni kweli kwa hesabu ya juzuu, kwani idadi na mpangilio wake hurithiwa vilevile kizazi hadi kizazi. Lakini haisemi ni nyoka yupi.

Neno urithi nalo lahitaji tahadhari. Katika mirathi tunayoijua, kila mrithi hujulikana mapema na fungu lake limewekwa na sheria au desturi. Mafungu huweza kuzidiana, na kinachoingia katika fungu hupimwa na watu wazima wakikubaliana. Katika mayosisi mambo ni kinyume. Kiasi hakizidiani: kila mtoto hupata nusu ya kila mzazi. Lakini kilichomo ndani ya nusu hiyo huamuliwa kwa kura, kwa maana ya kale ya neno hilo, na kura hupigwa upya kwa kila gameti.

Sasa twaweza kumjibu mkulima wa Wundanyi. Mbegu za mahindi chotara, ambazo zilianza kusambazwa kwa wakulima wa Kenya mwaka 1964, hupatikana kwa kukutanisha wazazi wa aina mbili tofauti. Ikiwa wazazi hao wamechaguliwa mpaka nakala mbili za kila mmoja zinafanana, basi kila punje hupata nakala moja ya huku na moja ya kule, na shamba lote huwa sawasawa. Lakini mkulima akipanda punje za mavuno hayo, anapanda matokeo ya mayosisi ya machotara wenyewe. Nakala zilizokuwa zimetengwa sasa zimechanganywa: punje moja imepata hivi na nyingine vile. Hakuna aliyemwibia wala aliyemwuzia mbegu mbovu. Kura imepigwa shambani mwake. Aina kama Katumani, iliyotengenezwa Machakos kwa ajili ya nyanda kavu, haikujengwa kwa wazazi wawili bali kwa kundi linalochavushana lenyewe kwa lenyewe. Mkulima wa nyanda za Voi aweza kuhifadhi mbegu yake bila ya kuona tofauti kubwa namna hiyo.

6.0 Mayosisi inaposhindwa

Kazi ya kiungo hufahamika vizuri kinaposhindwa kufanya kazi. Taita-Taveta ina mifano mitatu iliyo karibu.

6.1 Punda na punda milia

Mwaka 2019 punda milia jike alitoka katika mbuga ya Tsavo Mashariki, ambayo lango lake kuu liko Voi, akaishi pamoja na mifugo ya mfugaji mmoja jirani na mpaka wa mbuga. Akachukuliwa na kupelekwa katika mbuga ya Chyulu. Mwanzoni mwa mwaka 2020 alionekana na mtoto mwenye mwili wa rangi ya hudhurungi na miguu yenye milia. Shirika la Sheldrick Wildlife Trust lilieleza kwamba baba alikuwa punda wa kufugwa.

Kiswahili kimewaweka wanyama hawa katika jina moja, tena kwa haki, kwani ni jamaa. Lakini punda ana kromosomu 62 na punda milia wa nyanda hizi ana 44. Gameti ya punda hubeba 31 na ya punda milia 22. Mtoto basi hupata 53. Mwili wake hukua vizuri, kwa sababu mitosisi haihitaji wenzi: hunakili kila kilichopo. Shida huja anapotaka kutengeneza gameti zake mwenyewe. Kromosomu 53 haziwezi kujipanga kwa jozi, na nyingi hazimpati mwenzi wa kulala naye sambamba. Kwa hiyo machotara wa namna hii kwa kawaida hawazai. Hali ni hiyohiyo kwa nyumbu, yaani mtoto wa punda na farasi, mwenye kromosomu 63. Twalazimika kueleza maana ya neno hilo, kwa kuwa mtu wa Voi akisikia nyumbu humfikiria mnyama wa mbugani mwenye pembe.

6.2 Mkonge wa Mwatate

Katika nyanda za Mwatate kuna shamba la mkonge la Teita, moja ya mashamba makubwa ya zao hilo duniani. Mkonge wa kawaida, Agave sisalana, una seti tano za kromosomu badala ya mbili. Tano haigawanyiki kwa mbili. Wenzi hushindana, wengine hubaki peke yao, na gameti nyingi huharibika. Mkonge ukikaribia kufa hutoa mlingoti mrefu wenye maua, lakini ni nadra maua hayo kutoa mbegu za kweli. Badala yake miche midogo humea juu ya mlingoti wenyewe, ikaanguka au ikaokotwa na kupandwa. Miche hiyo ni matokeo ya mitosisi. Ni mkonge uleule, isipokuwa mabadiliko madogo yanayotokea kwa makosa ya kunakili.

Historia ya zao hili yaonyesha nguvu na udhaifu wa njia hiyo. Mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika Tanga na kuishi ilikuwa 62. Kutokana na hiyo yalianza mashamba makubwa ya Tanganyika. Miche 62 ilitosha kwa sababu mkonge hauhitaji mwenzi. Lakini kundi lililo mmea mmoja uliorudiwa lina namna moja tu ya kuukabili ugonjwa: ukiweza kuuangusha mmoja, waweza kuiangusha yote. Watafiti wa Tanganyika walipotaka mkonge wenye majani mengi zaidi hawakuweza kuupata ndani ya Agave sisalana. Ilibidi waziendee aina nyingine mbili, Agave amaniensis na Agave angustifolia, ambazo ziliweza kutoa gameti, wakazichanganya mpaka wakapata chotara namba 11648. Mahali pasipo na mayosisi hapakuwa na cha kuchagua.

6.3 Migomba ya Taveta

Taveta husifika kwa ndizi. Migomba mingi inayolimwa ina seti tatu za kromosomu, jumla 33, na ndiyo sababu ndizi tunazokula hazina kokwa. Mgomba huendelezwa kwa machipukizi ya shinani, na chipukizi ni mgomba uleule. Aina iitwayo Gros Michel, iliyokuwa ndizi kuu ya biashara ya dunia, iliangushwa na ugonjwa wa mnyauko mpaka kufikia miaka ya 1950 na baadaye kidogo wafanyabiashara wakaiacha. Haikuwa na watoto wenye migawo mbalimbali ambao huenda baadhi yao wangeustahimili.

Hapa lugha yetu yahitaji kutengwa kwa maana. Kiswahili huita mbegu kitu chochote kinachopandwa: punje ya hindi, kipande cha muhogo, pingili ya muwa, na neno hilohilo hutumika kwa mbegu za mwanamume. Kwa mkulima wingi huo wa maana haudhuru. Kwa maelezo ya mayosisi wadhuru, kwa sababu punje ya hindi imepita katika kura, na kipande cha muhogo hakikupita. Twapendekeza kwamba pale tofauti inapohitajika, cha kwanza kiitwe mbegu na cha pili kiitwe mche au kipandikizi.

7.0 Hazina inapokuwa ndogo

Juu ya milima ya Taita mna ndege mmoja mwenye kichwa cheusi, ubavu wa rangi ya kutu na mdomo wa rangi ya chungwa, ambaye wanasayansi humwita Turdus helleri. Haishi mahali pengine popote duniani. Amebaki katika vipande vichache vya msitu, hasa Mbololo, Ngangao na Chawia, na kati ya vipande hivyo mna mashamba na vijiji. Utafiti wa jeni uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kwamba makundi ya vipande hivyo vitatu yametofautiana sana.

Mayosisi ya ndege huyu haina kasoro. Kasoro imo katika udogo wa makundi, nayo hueleweka tukikumbuka kwamba mgawo ni nusu. Mzazi akitoa nusu moja, nusu nyingine imeachwa. Akipata mtoto mmoja tu, kila nakala ya jeni aliyo nayo ina uwezekano wa nusu wa kutopita. Akipata wawili, uwezekano huo ni robo. Watatu, ni thumni. Katika kundi kubwa nakala iliyoachwa na mmoja hupitishwa na wengine. Katika kundi dogo huenda mzazi huyo ndiye mwenyewe pekee, na kura isiyompendelea mara moja huifuta nakala hiyo milele. Mayosisi huchanganya kilichopo. Haiwezi kuchanganya kilichokwisha kupotea.

Wanaisimu wana mfano wa karibu. Kidawida na Kisagalla ni lugha mbili mbalimbali ingawa milima yake huonana kwa macho. Watu wakitengana, kila upande hushika njia yake. Mfano huu una mpaka wake, kwani lugha hupita kwa sikio na mtu aweza kujifunza ya jirani ukubwani, lakini ndege hawezi kujifunza jeni. Zaweza kumfikia tu kwa uzazi, yaani kwa ndege wa Mbololo kukutana na ndege wa Ngangao. Ndiyo maana wahifadhi wamependekeza miti ya kiasili ipandwe kati ya vipande vya msitu ili ndege wapate njia.

8.0 Mgawo katika jamaa

Tumalizie kwa mzazi wa Voi. Ugonjwa anaoulizia ni selimundu, jina lililoundwa kwa ustadi: chembe nyekundu za damu hujikunja mfano wa mundu. Huutokeza mtoto akipata nakala mbili za jeni fulani ya damu, moja kutoka kwa kila mzazi. Mwenye nakala moja tu kwa kawaida ni mzima, tena hukingwa kwa kiasi dhidi ya malaria kali, kama alivyoonyesha mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya. Hii ndiyo sababu jeni hiyo imedumu katika nchi zenye malaria.

Wazazi wote wawili wakiwa na nakala moja moja, gameti za kila mmoja ni za namna mbili kwa usawa. Basi kila mimba ina uwezekano wa robo kupata mtoto mgonjwa, nusu kupata mzima mwenye nakala moja, na robo kupata asiye nayo kabisa. Mambo mawili yapasa kusisitizwa. La kwanza, robo haina maana ya kwamba akiumwa mmoja watatu wanaofuata wamesalimika. Kura haina kumbukumbu; hupigwa upya kila mara. La pili, mtoto mgonjwa hupata nakala kutoka pande zote mbili. Mume anayemrudisha mke kwao kwa sababu ya damu yake amesahau kwamba bila ya nakala yake mwenyewe mtoto asingeugua.

Mwuguzi anayesema tu kwamba seli za uzazi hugawanyika nusu kwa nusu amesema kweli, lakini mambo hayo mawili hayajafika. Hufika anapoeleza kwamba katika kila nusu kuna kura.

9.0 Hitimisho

Tumeona kwamba mayosisi hunakili mara moja na kugawanyika mara mbili. Kwamba hubadilisha vipande kati ya wenzi na kuwapanga kwa bahati. Na kwamba matokeo yake ni gameti zenye nusu ya idadi na mchanganyo mpya. Chotara wa punda na punda milia, mkonge na mgomba hutuonyesha maisha yasiyoweza kuipitia. Ndege wa Mbololo hutuonyesha kwamba hata ikipita vizuri yahitaji wingi wa kuchanganya.

Kuhusu istilahi, hatuoni haja ya kulitupa jina mayosisi, ambalo limekwisha kuingia na kutulia. Lakini maelezo yake kwa Kiswahili yasiishie katika mgawanyiko. Yataje mgawanyo, kwa kuwa hazina hupunguzwa. Yataje mgawo, kwa kuwa kila mtoto hupata fungu lake. Na yataje kura, kwa kuwa fungu hilo halikuchaguliwa na mtu yeyote. Maneno hayo matatu yamo katika lugha tangu zamani, na mkulima na mzazi tuliowataja wanayajua. Kazi iliyobaki ni yetu tunaofundisha lugha na tunaotunga vitabu: kuyapanga yafanye kazi hiyo.